Pua ya Shemeji Kwenye Sanduku la Mawe

Jumatatu, 3 Machi

Daktari wa madini, mhadhiri wetu, kaniita ofisini. Mawe yamejaa mpaka kwenye kiti cha mgeni, nikasikilizia wimawima. Akanikumbusha kwa upole (upole wake ndio unaoua) kwamba mtihani wa kutambua madini niliufeli mwaka jana. Nikiufeli tena Jumatatu ijayo, idara inanitoa kwenye kozi. Nikauliza nitapelekwa wapi. Akasema popote penye nafasi, hilo wataamua wenye ofisi.

Naogopa. Naandika wazi kwa kuwa hakuna anayesoma humu. Sitaki kozi nyingine. Tangu mdogo mimi ni mtu wa mawe, mifuko ya kaptula ilikuwa inachanika kwa ajili yake. Tatizo ni kwamba mapenzi ni ya upande mmoja. Na mama kule nyumbani ananitambulisha kwa wageni kama mtaalamu wa madini. Juzi kamwambia fundi bomba!

Mtihani wenyewe uko hivi: mawe yamepangwa mezani, kila moja na namba yake. Unapewa kisu, kipande cha kioo, kigae cheupe na kichupa cha tindikali. Unalikwaruza jiwe, unalisugua kwenye kigae uone rangi ya unga wake, unalidondoshea tindikali uone kama litatoa povu. Kisha unaandika jina. Kengele ikilia, unasogea.

Usumbufu mtupu. Mawe ni yaleyale ya sanduku la mazoezi, hayajabadilishwa tangu chuo kifunguliwe. Kwa nini nihangaike na tindikali wakati naweza kuzikariri sura zao?

Jumanne, 4 Machi

Nimeshinda maabara. Mimi ni mtu hatari sana.

Kila jiwe nimelipa ndugu. Lile la kwatzi lina kisigino, kisigino hasa, chenye ufa: hilo ni baba mdogo. Ulanga una tabaka tabaka na unameta: shangazi siku ya harusi. Jasi ni laini, limejaa alama za kucha za wanafunzi: huyo ni binamu yetu asiyejua kukataa. Na kalsaiti, jiwe jeupe la chokaa, jamani, kalsaiti ina pua. Pana, imeinuka kidogo, tundu moja kubwa kuliko lingine. Ni pua ya shemeji, mume wa dada, bila kosa lolote. Nilicheka peke yangu mpaka fundi wa maabara akaja kuniuliza kama nimevuta tindikali.

Lenzi alikuwa meza ya pili. Ni mwanafunzi mwenzetu, anatembea na lenzi yake imening'inia shingoni hata kantini. Akanikaribisha tujisomee pamoja, yeye akwaruze mimi niandike. Nikamweleza mbinu yangu kwa fahari. Akaniuliza itakuwaje nikipewa kalsaiti isiyo na pua. Wivu ni kitu kibaya.

Jumatano, 5 Machi

Sifa zimevuma! Ninayekaa naye chumbani, tunamwita Tajiri kwa sababu ndiye pekee ghorofa nzima mwenye birika la umeme, kaomba nimfundishe. Kaja na wenzake. Jioni chumba kimejaa, wengine wamekaa juu ya kitanda changu na viatu. Nawaonyesha picha kwenye simu: huyu nani? Wote kwa pamoja: baba mdogo! Kwa hiyo? Kwatzi! Mmoja kaniita Mwalimu. Sikumkatalia.

Sasa hawa watu wanaijua familia yangu kuliko mimi. Wameniuliza shemeji anaendeleaje.

Alhamisi, 6 Machi

Kuna mawe meupe mawili yananichanganya, hayana sura ya ndugu yeyote. Nikaamua kuyatia alama ndogo kwa kisu cha Tajiri, fundi akiwa amekwenda kunywa chai. La kwanza, kalsaiti ndogo, likakatika kama sabuni ya kufulia. La pili, kwatzi, kisu kikateleza. Nikabonyeza. Kikateleza tena, ncha ikafa, jiwe lenyewe halina hata mkwaruzo. Kisu kibovu kabisa! Nimemwambia Tajiri aache kununua vitu vya ovyo. Amenuna, na birika kalifungia kabatini.

Kwa kuwa mkono ulishazoea, nikatia alama na mengine kadhaa, kwa ajili ya wanafunzi wangu wenye vichwa vizito. Ualimu ni wito.

Ijumaa, 7 Machi

Balaa.

Fundi wa maabara kaziona alama. Kasimama mbele ya darasa na sanduku mikononi, akasema kwa masikitiko kwamba kuna mtu ameyachonga mawe ya chuo kama mihogo. Hayafai tena kwa mtihani. Kwa bahati nzuri (bahati ya nani?) kuna makreti mapya yametoka machimboni, hayajafunguliwa, na Jumatatu ndiyo yatakayotumika.

Tajiri akanigeukia. Wenzake wote wakanigeukia. Mimi nikawa naangalia dari, ambayo kwa kweli inahitaji rangi.

Lenzi akaifuta lenzi yake kwa shati. Afadhali angenicheka.

Jumapili, 9 Machi

Nimefungua kitabu. Kinene. Nimekifunga.

Mama kapiga simu, anataka kujua kama akiba ya dhahabu inaweza kuwa chini ya banda la kuku. Nikasema inategemea. Akamwambia mtu aliye karibu naye, nilisikia kabisa, kwamba mwanawe kasema ipo. Nikataka kumwambia ukweli, kwamba kesho huenda nikatolewa kwenye kozi. Nikashindwa. Nikamuuliza habari za kuku.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeingia chumba cha mtihani, nimeangalia mezani, ukoo mzima haupo. Wageni watupu. Mawe masafi, yenye kona kali, hayajawahi kushikwa na mtu. Visu na vichupa vimewekwa, sikuvigusa, nilikuwa nawatafuta ndugu zangu. Kengele inalia, nasogea, naandika chochote kinachokuja.

Karibu na mwisho, moyo ukaruka. Shemeji! Pua ileile, pana, imeinuka, hata tundu moja kubwa kuliko jingine. Ni kweli jiwe lilikuwa jeusi na lilinichafua vidole kama risasi ya penseli, na nilishangaa kidogo. Lakini pua ni pua. Nikaandika KALSAITI kwa herufi kubwa.

Nje nikamkuta Tajiri anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Akaninong'oneza kwamba kamwona shemeji. Wote walimwona.

Jumatano, 12 Machi

Lilikuwa kinywe. Madini ya penseli. Hata mtoto wa chekechea angelitambua kwa vidole.

Kundi zima tumeandika kalsaiti, na Daktari anaamini tumetazamiana. Tunaitwa mmoja mmoja kesho kujieleza na kufanya mtihani wa mdomo badala ya ule. Tajiri kaniuliza aseme nini kuhusu pua. Nikamwambia asiseme chochote. Akasema kweli mimi ni mwalimu.

Alhamisi, 13 Machi

Nilipanga uongo wa maana sana. Nilipoingia ukayeyuka. Nikaeleza yote: kisigino, shangazi, alama za kisu, pua. Daktari akageukia dirishani kwa muda mrefu. Mabega yalikuwa yanatikisika. Sijui alikuwa anacheka au analia kwa ajili ya taifa.

Kisha akachukua jiwe jeupe, akaliweka mbele yangu. Nikalitafuta sura. Halikuwa na sura. Nikasema silijui. Nikawaza mama atawaambia nini watu, nikawaza sitaingia tena chumba chenye harufu hii ya vumbi na tindikali.

"Usinitajie jina," akasema. "Niambie unachokiona."

Nikasema naona jeupe, linapitisha mwanga kidogo. Nikajaribu kisu, kikaingia. Nikajaribu kioo, hakikuchubuka. Kipande kidogo kilichobanduka kilikuwa na kona za mshazari, na nilipokigeuza kila upande ulikuwa umelala vilevile. Nikachukua kichupa, nikadondoshea. Povu! Linachemka kabisa, chiii, palepale mezani. Nikalitazama mpaka likaisha.

"Kalsaiti," nikasema. Sauti haikuwa yangu.

"Umepita," akasema Daktari. "Leo umeliangalia jiwe. Basi ni hivyo tu, hakuna siri nyingine."

Kwa kuyachonga mawe nitaosha masanduku yote ya maabara muhula mzima. Nikaenda chooni nikalia kidogo, kwa furaha. Nikampigia mama. Akasema alishawaambia watu tangu Jumatatu kwamba nimepita.

Jumamosi, 15 Machi

Siku mbili nimekuwa nikitafakari nilivyopita, na leo nimeelewa. Hakuna siri, eti! Nilipoupeleka mkono kwenye kisu, nyusi ya kushoto ya Daktari ilipanda. Nilipogusa kichupa, zikapanda zote mbili. Alikuwa ananiambia kila kitu. Wiki nzima nakariri mawe, kumbe wa kukariri ni wahadhiri!

Nimemweleza Tajiri, ambaye naye kapita, sijui kwa mbinu gani. Birika limerudi mezani. Ameahidi kuwaita wenzake jioni.

Muhula ujao ni somo la hadubini, anafundisha profesa mwenye nyusi nene ajabu, zinaonekana tangu getini. Nimeshachagua kiti cha mbele. Lenzi kanikumbusha kwamba somo hilo hufanyika gizani, mapazia yote yamefungwa.

Nimeazima tochi.