Wallahi, Sivuti Tena

Jumatatu, 14 Julai 2025
Nimeacha sigara! Leo ni leo, asemaye kesho mwongo. Nusaiba wa duka la dawa, mwanamke pekee hapa Tegeta aliyewahi kucheka vichekesho vyangu, kaniambia waziwazi: baba yake atajibu posa yangu Ijumaa, na nikinuka moshi, barua inarudi. Nikamwapia: wallahi sivuti tena. Akanieleza kinachonishika ni nikotini, sigara ni ya kuibebea tu. Kumbe! Basi ugomvi wangu ni na moshi. Nikotini haijanikosea kitu.

Jumanne, 15 Julai
Nimenunua ugoro. Hauvutwi, unabwiwa, kwa hiyo kiapo kiko palepale. Mie si mjinga. Nimeketi kwenye cherehani, mdomo wa chini umejaa, raha mustarehe. Mara Anwar, fundi simu wa fremu ya pili, ambaye naye anamtaka Nusaiba, akauliza mbona nimevimba. Nikamwambia jino. Mnafiki yule akakimbia kumwita Nusaiba! Nikaumeza ugoro wote. Dunia ikazunguka. Nimetapika juu ya dera la mteja.

Jumatano, 16 Julai
Sikati tamaa. Jana Nusaiba, akinipepea, alitaja kwamba zamani wadudu wa mimea waliuawa kwa nikotini. Na baba yake, Mzee Mbwana, analia mchicha wake umeliwa! Nimenunua tumbaku ya majani, nusu nimeiloweka. Nikaenda, shikamoo baba, nikanyunyiza bustani nzima. Nikamwonya wasiuchume kwanza, maji yale ni sumu. Nusu nyingine iko mfukoni. Nani atanituhumu? Ni dawa ya mchicha.

Alhamisi, 17 Julai
Wadudu chali! Mzee kaniita kijana mwenye akili. Kisha akanipeleka nyuma ya banda la kuku, akauliza kwa sauti ya chini kama dawa imebaki. Nikasema kidogo tu. Akasema hata yeye ana mdudu wake, miaka sita sasa, tangu mkewe Bi Mwanaheri alipomwachisha sigara. Nikamwambia mie nimeapa. Akasema kiapo kina kafara yake: kulisha maskini kumi, asiyeweza afunge siku tatu. Tukasokota kwa gazeti, mojamoja. Tumecheka mpaka kuku wakatuogopa. Posa imepita hiyo!

Ijumaa, 18 Julai
Barua imerudi.

Bi Mwanaheri alimnusa mumewe baada ya Swala ya Ijumaa, tulipokusanyika kwao kusikia jibu, kwenye kanzu ileile ya jana. Mzee akasema mbele ya wote kwamba moshi ule ni wangu, alinikuta navuta, akanikemea vikali. Mzee mzima! Nilitaka kufunua kinywa. Nikamwona anavyonitazama, jasho linamtiririka, nikashindwa. Anwar alikuwepo, eti kaja kurudisha simu ya Bi Mwanaheri.

Jioni Nusaiba akaja fremu yangu. Alikuwa amebeba kitambaa cheupe, alikinunua tangu Jumatatu nimshonee mwenyewe nguo ya nikaha. Akasema pua yake haijafa, anajua walivuta wawili, na kwamba kunyamaza kwangu kumemgusa lakini hakumponyi mtu mapafu. Nitimize kafara kwanza. Kisha siku arobaini bila moshi, bila ugoro, bila chochote, ndipo nilete barua nyingine. Akaondoka na kitambaa chake. Nimelia, sioni haya kuandika.

Jumamosi, 19 Julai
Nimefunga! Siku ya kwanza ya kafara, na moyo wangu ni chuma. Arobaini si kitu. Nimefuturu tende na maji, nikatafakari kwa kina maisha yangu. Kiapo kimoja ni siku tatu. Basi nimeamua nifunge sita: tatu za kiapo kilichovunjika, tatu ziwe akiba.

Mzee Mbwana katuma ujumbe sasa hivi. Mchicha umeingiliwa tena. Nimemjibu: shikamoo baba, naja na dawa.