Chetezo Changu na Dohani Yenu

Ghorofa ya Nne, Chumba cha Kumi na Mbili,
Jeppestown, Johannesburg.
Ijumaa asubuhi.

Kwa Meneja,
Kiwanda cha Umeme wa Mbao,
Jeppestown.

Ndugu Meneja,

YAH: MOSHI WANGU KUWADHURU WAFANYAKAZI WAKO

Salamu zikufikie hapo ofisini kwako, upande wa madirisha ambao moshi haupiti. Sisi wa upande wa pili hatujambo, ukiondoa vifua.

Naitwa Shufaa, mke wa Mwadini, yule mfanyakazi wako mrefu wa Tanga anayezoa majivu chini ya tanuri. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu hasira yangu haijajifunza lugha nyingine. Binti yangu Bushra, aliyezaliwa hapa na ambaye nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kizulu, ndiye atakayekutafsiria. Ukiona mahali barua ya Kiingereza ina upole uliopita kiasi, ujue hapo ni yeye, si mimi.

Mume wangu anakohoa, huu mwezi wa tano. Mwaka jana alikuwa akipandisha mtungi wa gesi hadi ghorofa ya nne huku anaimba. Siku hizi anapanda mikono mitupu na anasimama mara mbili njiani, akijifanya anatafuta ufunguo. Aliomba atolewe kwenye majivu, awekwe getini, na apigwe picha ya kifua. Mkamleta afisa afya nyumbani kwetu, bwana mpole mwenye kalamu nne mfukoni. Alikunywa kahawa vikombe viwili, akala visheti, akasifu harufu ya nyumba, na alipoaga nikamfungia udi kidogo kwenye karatasi ampelekee mkewe. Juzi ripoti yake ikaja. Inasema Mwadini anaugua kwa sababu ya "moshi wa nyumbani", yaani chetezo changu cha kufukizia udi. Kwa hiyo hahamishwi wala hapimwi, na Jumatatu arudi kwenye majivu au aache kazi.

Bushra amenisomea ripoti hiyo mara tatu. Nina malalamiko yafuatayo, na mengine ni dhidi yangu mwenyewe.

1. Kuhusu vipimo. Chetezo changu ni cha udongo, mdomo wake unafunikwa na kisahani cha chai, na hukiwasha kila Ijumaa kwa vipande viwili vya mkaa. Dohani yenu inaonekana kutoka Troyeville, inaonekana kutoka Malvern, na inatoa moshi siku saba, hata sikukuu. Mnasaga makasha, mnasaga mikaratusi, mnasaga milango na nguzo za nyumba zilizobomolewa, yote yanaingia. Afisa wako alivipitia vyote viwili kwa siku moja, akakiona chetezo. Nami sikujua kwamba nina kitu chenye nguvu namna hii juu ya kabati langu la vyombo. Nimefukiza udi miaka ishirini na miwili, udi uleule wa msandali anaonitumia dada yangu Kidawa kutoka Tanga, naupika mwenyewe kwa sukari na miski kama alivyonifundisha mama, na hajawahi kukohoa mtu. Wageni wengine hupiga chafya, lakini hiyo tunaihesabu kuwa ni sifa.

2. Kuhusu majirani. Baada ya ripoti kutoka ilinibidi nizunguke kuomba radhi. Nilianza na Gaudiose, jirani yangu Mrundi anayeimba kwaya. Mwaka mzima nguo zake nyeupe za kwaya, akizianika juu ya paa, zinashuka na rangi ya chai ya maziwa, na alikuwa akikulaumu wewe. Nikamwambia amsamehe Meneja, ni mimi. Akasema ataniombea, na sidhani kama alikuwa na dhambi zangu mawazoni. Kisha nikaenda Malvern kwa mzee Vénérand, fundi viatu wa Jules Street, ambaye kifua humbana kila upepo ukivuma kutoka kwenu. Sikuwahi kudhani udi wangu unafika Malvern, lakini nani mimi nibishane na kalamu nne? Nikamwomba radhi na yeye. Akasema eish, kama wanavyoguna watu wa huku, akaendelea kugonga misumari yake.

3. Kuhusu wafanyakazi wengine. Égide, anayelisha mbao kwenye mkanda, ni Mkristo wa Bujumbura. Hajawahi kuingia nyumbani kwangu, na udi haujui. Lakini anakohoa kama Mwadini, kwa saa zilezile, na wakiwa wote wawili kwenye ngazi huwezi kujua nani ni nani. Nimefikiri sana udi wangu ulimfikiaje. Jibu nimelipata kwenye ripoti yenyewe, ukurasa wa pili, pale afisa anapoandika kwamba alinusa ovaroli na barakoa ya Mwadini, akakuta zinanukia udi. Ni kweli kabisa. Mnawapa barakoa moja ya karatasi kwa wiki. Naipangusa kila jioni, na Ijumaa naitandaza pamoja na ovaroli juu ya kapu lililopinduliwa, chetezo chini yake, kama tunavyozifukiza nguo za mtu tunayempenda. Basi Mwadini anakwenda kazini akinukia, Égide anamsogelea, na ugonjwa unahama. Naomba ripoti irekebishwe, aongezwe Égide na wenzake tisa wa zamu ile. Wote ni wagonjwa wangu.

Hapa nitoke kidogo kwenye hesabu. Nazifukiza nguo zile kwa sababu akirudi ananuka majivu, na harufu ile inanitisha. Akijinyoosha kwenye kochi baada ya kazi kifua chake kinalia kama mlango unaodai mafuta, nami nakaa pale nikijidai nachambua mchele ambao nimeshauchambua. Naogopa, Ndugu Meneja. Sina neno zuri zaidi ya hilo. Haya, tuendelee.

4. Kuhusu cheti na nyaya. Getini kwenu kuna cheti ndani ya fremu kinachosema umeme wenu ni umeme safi. Kwa kuwa chetezo changu kimethibitishwa kuipita dohani, nadai na mimi cheti changu, na fremu iwe kubwa kuliko yenu. Pia naomba mafundi waje waunganishe nyaya. Umeme wenu unapita juu ya paa letu kwenda kwa watu wengine, na sisi tunaoupumua tunakatiwa kila wiki. Jumanne mashine ya kufulia ya Gaudiose ilizimika na nguo za kwaya ndani, akazikamua kwa mkono akiimba kwa hasira. Kwa hesabu za afisa wako, chetezo kinaweza kuliendesha jengo zima na masalio tukawapa Troyeville. Nitahitaji na dohani ya mita thelathini. Murielle, Mkongo anayetusimamia jengo, hana pingamizi ipite dirishani kwangu, mradi isizibe korido.

5. Kuhusu usalama. Wakati tukisubiri chetezo kidhibitiwe, ni wajibu wako kuwakinga wafanyakazi nacho. Wape wote barakoa za mpira zenye vichujio, udi wangu usiwapate. Weka kichujio kikubwa kwenye dohani, maana moshi wangu unazurura mjini na unaweza kuingia humo ukakuharibia mitambo. Wapige wote picha za kifua, tuone nimewafanya nini. Na Mwadini mpeleke getini, mbali na majivu. Mtu aliyeharibiwa namna hii na mke wake mwenyewe hastahili kuongezewa adhabu na kiwanda.

Nisalimie ofisi nzima. Nisalimie mlinzi wa getini, ambaye naye nasikia ameanza kukohoa; mwambie radhi yake naileta mwenyewe. Nisalimie Égide na wenzake wa mkandani. Msalimie sana afisa afya na kalamu zake zote, pamoja na mkewe, ambaye sijapata bahati ya kumwona lakini najua sasa hivi ananukia vizuri.

Ni mimi, mwenye moshi,
Shufaa, mama Bushra.

Baada ya kutia sahihi: Bushra alipofika kwenye neno msandali alitaka kujua ni mti gani, nikamletea kopo la udi aone kwa macho. Mwadini alikuwa anakunywa chai. Akaweka kikombe chini, akakohoa, na safari hii haikuwa kifua, ilikuwa aibu. Kumbe msandali wa Kidawa uliisha miezi sita iliyopita. Hakutaka nikose udi wa Ijumaa, na hakutaka nijue kwamba vifurushi vya Tanga, ambavyo yeye ndiye huvipokea, vimekatika, akawa analijaza kopo kutoka kwenye lundo lenu la mbao zilizosagwa. Alikuwa akichagua vipande vyekundu vinavyofanana na msandali. Vinavyofanana zaidi, anasema, ni vya nguzo za zamani, zile zilizotiwa dawa ya mchwa. Mimi nikavipika kwa sukari na miski, nikavifukizia barakoa yake. Niliona harufu imebadilika, nikailaumu miski ya huku.

Kwa hiyo afisa wako alisema kweli, ni moshi wa nyumbani, na namba moja yote naifuta. Naomba tu aongeze kwenye ripoti kwamba nyumbani na kiwandani tunachoma lundo moja. Amwambie mkewe autupe ule udi leo hii, afungue na madirisha. Hili nalisema bila utani, na naomba radhi kwake kuliko kwa wote.

Chetezo changu nimekizima saa nne asubuhi, kwa kikombe kimoja cha maji. Jumatatu Mwadini anatakiwa kwenye majivu.