Nyuki Chini ya Dirisha Langu

Jumatatu, 3 Machi

Daktari amesema moyo umechoka. Basi niandike ukweli kabla haujalala kabisa. Jambo nililomficha binti yangu tangu mvua zilizopita ni hili: ukuta wa chumba changu una nyuki. Si wale wa asali. Hawa ni wadogo, wa kahawia, kila mmoja na shimo lake kwenye chokaa iliyo kati ya matofali, upande wa nje, chini ya dirisha. Wamekuja wenyewe. Mimi sihusiki.

Alasiri nzima nimelala, sikio ukutani. Wanavuma. Ukuta ni kama mtu anayejaribu kukumbuka wimbo. Nikasinzia, nikaota nafundisha jiometri darasa la nyuki. Wasikivu mno! Hakuna hata mmoja aliyeomba ruhusa ya kwenda msalani.

Dada yangu, anayekaa chumba cha pili na hachoki kunikumbusha kwamba yeye ndiye mkubwa, amepoteza sindano moja ya kufumia. Kauliza kila mtu. Nikamwambia ni panya.

Jumanne, 4 Machi

Balaa! Binti kapiga simu. Keshokutwa anakuja na fundi mwashi kukagua nyumba. Eti akikuta ukuta wangu umeanza kuliwa, ananihamishia kwake, ghorofa ya nne, chumba ambacho dirisha lake linatazama ukuta wa jengo jingine. Mkwe wangu hutazama mpira huko akipiga kelele kama mtu anayezama. Nikafie huko? Sitaki! Nimepanga kufia hapa, kwenye kitanda hiki, jua la asubuhi likinipanda polepole kuanzia miguuni.

Dada alikuwa anasikiliza. Simu haijapoa, yuko mlangoni kwangu na futi ya kushonea, anapima kabati lake litakaa wapi. Anapima tu, kasema. Mdogo wangu usinitolee macho, kwani futi inauma?

Jumatano, 5 Machi

Mpango wa kwanza: blanketi lining'inie nje ya dirisha, lifunike mashimo. Mpango safi kabisa. Ila Dada kalipitia, kalinusa, kisha kampigia binti simu kumwambia baba yako ameanza kukojoa kitandani. Kwa sauti iliyofika barabarani! Mpita njia kanipa pole. Ningeweza kukanusha, lakini kukanusha kungetaka sababu nyingine ya blanketi. Nikainamisha kichwa. Nikasema ni uzee.

Blanketi limepelekwa kufuliwa. Mashimo yako uchi.

Mpango wa pili: dawa ya meno. Niliegemea dirisha, nikapitisha mkono nje, nikaziba shimo moja moja. Yakawa meupe kama chokaa mpya. Nikarudi kitandani nimechoka, nanuka mnanaa, najipongeza.

Kisha ukuta ukanyamaza. Nikasikia kitu kingine. Kinadunda, kinasita, kinafikiri, kinadunda tena. Kumbe ni mimi. Usingizi haukuja.

Alhamisi, 6 Machi

Jua lilipogusa ukuta, nyuki walitoka, wakaingia dirishani. Wamepenya kwenye dawa ya meno, kila mmoja na masharubu meupe. Vizee vidogo vidogo, vinaelea juu ya shuka langu ndani ya mwanga. Mmoja katua kwenye kioo cha miwani yangu, akajipangusa uso bila haraka, kama mtu aliyefika kwake. Nikawatazama hadi nikasahau kwamba nimeangamia.

Binti kaingia na mpira wa kutandika chini ya shuka. Fundi nyuma yake. Dada nyuma ya fundi, na futi. Nyuki kila mahali. Nikasema sijawahi kuwaona viumbe hawa. Binti kauliza, basi mbona wananukia kama mdomo wako, Baba?

Fundi kagonga ukuta kwa mpini wa mwiko, juu, chini, pembeni. Ukuta mzima ni imara, kasema, ila mstari huo mmoja. Akauangalia tena. Mashimo yamenyooka, nafasi kati yake sawasawa. Kauliza nyuki hawa wamesoma shule gani. Dada kadakia, na mbona mstari unaishia pale pale mkono wa mdogo wangu unapoishia?

Nikakohoa. Kikohozi cha mtu anayeaga. Wakaacha maswali, wakakimbilia maji.

Uamuzi wa binti: nabaki. Kesho fundi ataziba mstari nyuki wakiwa wametoka, na atawawekea matofali yenye matundu mwisho wa ua, wahamie huko. Lakini wakirudi ukutani, Baba, unahamia kwangu, na sitasikiliza kikohozi.

Ijumaa, 7 Machi

Fundi ametumia chokaa, kama ile ya zamani. Haina haraka ya kukauka, kasema. Kazi nzuri. Naichukia.

Alasiri nikaota lile darasa. Madawati tupu. Nikaamka, nikasikia moyo unahesabu na kukosea.

Dada kaja, bila futi. Kakaa miguuni pangu. Kauliza mbona uso umekuwa kama kitambaa cha kufutia meza. Nikamwambia chumba kimekuwa kimya mno.  Akasema hata upande wake ukuta ulikuwa unavuma. Alidhani ni masikio yake yanazeeka, akayazoea, akawa anayapenda. Leo kashindwa kulala mchana.

Akatoa sindano ya pili ya kufumia, akaiweka juu ya shuka. Moja haifumi, kasema, na wewe mwizi gani unayeiba nusu? Mlangoni akageuka: kabati lake lina nafasi ya kutosha lilipo.

Jumamosi, 8 Machi

Nimelitafakari somo la wiki hii kwa uzito unaostahili. Kosa langu lilikuwa rula.

Leo sikuitumia. Nimetoboa ovyo, huku na kule, kama kazi ya mlevi. Chokaa bado laini, sindano inazama kama kwenye mkate. Mara mbili ilibidi nipumzike, kidevu dirishani, dunia ikizunguka taratibu. Dada amelinda ukumbini. Tulikubaliana akohoe binti akitokea, lakini anakohoa hata paka akipita.

Jua limefika magotini. Nyuki mmoja amerudi, masharubu yake hayajatoka vizuri. Amechungulia shimo la kwanza. Ameingia. Naweka sikio. Anavuma.

Basi niandike, nimalize. Nyuki hawakutoboa kitu. Mashimo yote, yale ya kwanza na haya ya leo, niliyatoboa mimi.