Hasara ya Lori Lisilo Langu

Jumanne, 24 Juni
Jumatatu ndiyo mwisho wa kupeleka ritani za kodi. Kodi yangu inatisha! Nisipoipunguza, ng'ombe wa mke wangu Wangare anauzwa. Lakini nina silaha. Mwaka jana serikali ya ng'ambo ya mpaka ilininyang'anya lori la viazi, na barua yao yenye muhuri ninayo. Jirani Kipkirui alinicheka siku ile. Sasa hasara hiyo itameza kodi yote. Atajua hajui!

Jumatano, 25 Juni
Nimeenda kwa Sue, mhasibu. Amekubali: kwa barua hii, mwenye lori anaweza kudai hasara. Nikapiga meza kwa furaha! Kisha akaomba logbook, kitabu cha umiliki wa lori. Salale! Nilisahau. Ili watu wa kodi wasinimulike, lori nililiandikisha kwa jina la mama mkwe, kwa fotokopi ya kitambulisho chake iliyobaki kwangu tangu mambo ya mahari. Yeye hata hajui. Sue akasema basi hasara ni ya mama mkwe. Hasara yangu! Mimi ndiye niliyelia!

Alhamisi, 26 Juni
Sikati tamaa. Nimepanda hadi Dundori kwa mama mkwe na sukari kilo nne na leso mpya, nikatafute sahihi kwamba aliniuzia lori kabla halijanyang'anywa. Lakini mtu habishani na mama mkwe. Nikakaa nilipoonyeshwa, nikanywa uji vikombe vitatu nikizungukazunguka kwa maneno. Mwishowe akauliza, lori gani, Baba Natasha? Nikaeleza. Akauliza kama ni kweli serikali nzima imemnyang'anya yeye lori. Akaomba nimwachie barua aisome vizuri na miwani. Ningekataaje?

Jumamosi, 28 Juni
Sue amepiga simu. Mama mkwe alifika ofisini jana, barua mkononi. Hasara imeandikwa kwake. Kodi ya shamba lake la viazi imeisha kabisa! Eti ananishukuru sana. Wacha tu.

Jumatatu, 30 Juni
Ng'ombe ameuzwa. Mnunuzi? Mama mkwe, kwa pesa alizookoa kwenye kodi. Ng'ombe alikuwa akifugwa huko kwake Dundori, kwa hivyo hahami hata hatua moja. Wangare haongei nami. Maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yalikuwa karo ya Natasha. Imeniuma, siwezi kuficha.

Lakini nimejifunza! Kodi nimelipa, na kwa chenji nimenunua pikipiki kuukuu. Kuandikisha mali kwa jina la mama mkwe? Sirudii ng'o! Hii iko kwa jina la Kipkirui, fotokopi ya kitambulisho chake ninayo tangu tulipoanzisha chama cha akiba. Yeye hata hajui.