Sufuria za Pilau Zimo Ndani ya Seva

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Salamu kwanza. Mimi Mwamina mzima. Mume wangu Mbaruku mzima, ila mgongo na maneno. Huzaifa wetu mzima huko Mbekenyera anakofundisha. Samia mzima kwa mumewe Ruangwa. Kuku nao wazima. Baada ya salamu, vita.

Mkwe mwenzangu Zulfa, mama yake mume wa Samia, anakuja Ijumaa. Ameeneza Ruangwa nzima kwamba kwenye harusi, hapa kwangu Nachingwea, pilau haikutosha. Haikutosha! Na video ipo, mwishoni zinaonekana sufuria mbili zimejaa. Imo kwenye seva, ile kompyuta kuukuu Huzaifa aliyoiweka kando ya runinga itunze picha zetu zote. Tatizo programu yake imechoka. Kila tukifungua, video inaganda kabla ya sufuria kutokea. Anabaki Zulfa, mashavu yamejaa.

Jumanne, 12 Agosti

Nimempigia Huzaifa. Akasema kweli, mama, programu ibadilishwe, ila nisiguse kitu, anakuja Jumamosi. Jumamosi! Zulfa si atakuwa keshaondoka? Nikamwambia sawa, mwanangu, Mungu akukuze. Kisha nikaenda kwa Lukasi, fundi wa kompyuta pale stendi. Akanipa programu mpya kwenye flashi. Akauliza mara mbili kama picha zina nakala pengine. Nikamjibu zipo, kwenye diski ya pembeni, kabatini chini ya kanga. Akasema basi iache hukohuko. Mafundi wanapenda kusema.

Jumatano, 13 Agosti

Nimeanza. Mbaruku akauliza kama najua ninachofanya. Nikamuuliza redio alitengeneza nani. Akasema redio haijapona mpaka leo.

Nikatoa diski kabatini, nikaichomeka kwenye seva. Si adabu programu mpya kuingia nyumbani bila utambulisho. Harusini tulitambulisha hadi binamu wa kule kijijini Chiola! Iwaone wote kwa pamoja, iujue ukoo. Ikaanza kuniuliza maswali kwa Kiingereza. Kila swali nikabonyeza ndiyo. Mgeni ndio kwanza ameingia, nianze kumkatalia?

Imekubali. Nyepesi! Inang'aa! Haina picha hata moja.

Alhamisi, 14 Agosti

Lukasi amekuja, akatazama, akakalia ndoo. Akasema nimeiruhusu ifute diski zote, na ya nakala humohumo. Nikamwomba azirudishe. Akasema hilo nimwombe Mungu.

Si sufuria tu jamani. Samia akiniaga pale mlangoni, analia huku anacheka. Hiyo nayo imekwenda. Nimelia nyuma ya jiko. Mbaruku akaniletea chai bila neno hata moja, hapo ndipo nilipoogopa.

Ijumaa, 15 Agosti

Zulfa kafika na korosho za kukaanga. Kabla hajakaa akataka video. Nikasema umeme umekatika. (Swichi kubwa nilishaizima.) Akasema pole, mkwe, ila kwa jirani redio inaimba. Nikasema ya betri. Akauliza na feni yao je?

Nikamweleza yote. Akacheka mpaka ushungi ukamdondoka. Kisha akasema nisihangaike, Huzaifa alimwekea na yeye seva kama yangu, video ya harusi imo. Moyo ukarudi! Nikauliza, mpaka mwisho? Akasema mwisho hajawahi kuuona, inaganda pale yeye anapotafuna.

Kumbe sufuria hajaziona! Nikamkumbatia mpaka akashtuka.

Jumamosi, 16 Agosti

Huzaifa kaja. Kagomba kwa adabu: mama, mama, mama. Akasema ya Zulfa ndiyo nakala pekee iliyobaki duniani. Isiguswe na mtu mpaka yeye aipitie Jumatatu na diski nyingine. Nimeitikia vizuri, nikampakulia nyama ya paja.

Lakini Zulfa aendelee kuteseka na programu ya kuganda, na mimi sasa nina uzoefu? Kosa la Jumatano nimeshalijua: sikuanza kwa bismillahi. Nimemtumia ujumbe:

“Mkwe, salamu kwako na wote hapo. Kesho naja na gari la kwanza, nikuwekee programu mpya, tuione harusi mpaka mwisho. Huzaifa usimsumbue, ana kazi nyingi. Nijibu upesi, nipo nakunja kanga hapa.”