Siku Niliyomsimamisha Mzee Jilala

Jamani, leo nimepatikana. Nimepatikana mchana kweupe, mbele ya wodi nzima, nikiwa na sare nyeupe niliyoinyoosha mpaka kola inakata shingo. Naandika nikiwa nimejificha stoo ya mashuka na suruali imelowa. Msicheke kwanza, subirini nifike.

Mnajua ninavyomhusudu mwalimu wetu wa uuguzi, Madam Nyamizi. (Wenzangu chuoni wananiita Nyamizi Mdogo. Mwanaume mzima!) Akivaa saa kifuani, nami nanunua ya kifuani. Akikohoa kidogo kabla ya kuingia wodini, nami nakohoa. Yule mama akimshika mgonjwa mkono, mgonjwa anapata nafuu kabla hata dawa haijafika. Mimi nimetoka Same, Upareni, kuja kusoma huku Shinyanga, na Kisukuma changu chote ni salamu ya "mwangaluka" na asante ya "wabeja". Nikaapa nitakuwa kama yeye.

Sasa leo ilikuwa mtihani wangu wa mwisho wa vitendo. Ukifeli huu, wenzako wanahitimu, wewe unabaki. Mtahini ametoka chuo kingine, baba mmoja mrefu, hacheki, salamu anaitikia kama anakukopesha. Akanyooshea kidole kitanda cha dirishani.

"Yule. Mnyanyue, atembee kidogo kwa magongo."

Moyo ukaruka kwa furaha! Kitanda cha Mzee Jilala wa Samuye! Huyu alivunjwa mguu na fahali wake mwenyewe. Mfupa umeunga, daktari karuhusu atembee, yeye hataki. Manesi wote kawagomea. Anayemsikiliza ni Madam Nyamizi tu, na mimi siri ya Madam naijua! Kila asubuhi namwona. Anafika, anashika kiuno, anasema, "We mzee, bado hujafa tu? Tunamngoja yule fahali tumle msibani!" Mzee anacheka mpaka anafuta machozi, anamrudishia maneno makali zaidi, kisha anameza dawa zote. Ila kusimama, hata Madam bado hajamweza.

Nikasema moyoni, hii ndiyo saikolojia ya mgonjwa. Leo mtahini atanikoma!

Nikakohoa. Nikaenda. Mke wa mzee, Mama Kulwa, alikuwa pembeni anamlisha uji. Nikashika kiuno (kama Madam, na nyonga nikaipinda kidogo).

"We mzee, bado hujafa tu? Tunamngoja yule fahali tumle msibani!"

Kijiko cha Mama Kulwa kikabaki hewani. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa anakoroma, akaacha.

Mzee akaniangalia taratibu. "Kijana, wewe kabila gani?"

"Mpare, babu."

"Mama Kulwa, Wapare ni watani zetu?"

"Tangu lini?" akasema Mama Kulwa.

"Nyamizi ni Mnyamwezi," mzee akaniambia. "Mtani wangu. Nikifa, ana haki hata ya kuingia kaburini azuie jeneza. Wewe unanitakia kifo kama nani? Nasikia Wapare mnapenda kesi. Leo umeipata!"

Mungu wangu! Utani! Muda wote huo mimi nilijua ni mbinu ya kitaaluma!

Nikajitupa magotini nimwombe radhi. Nikatua ndani ya beseni la maji ya kunawia. Chubwi! Maji yakaruka mpaka kwenye uji.

"Babu, shikamoo..."

"Shikamoo ndiyo unaikumbuka sasa? Ngoja nikuletee marahaba yako!"

Akavuta magongo. Akasimama!

Nikatimua mbio. Nyuma yangu nasikia ko, ko, ko. Wodi nzima inashangilia. Mama Kulwa anapiga vigelegele, "Baba Kulwa anatembea! Anatembea jamani!" Mlangoni nikamvaa Madam Nyamizi mwenyewe, ndiyo kwanza anaingia (bila shaka alikohoa, sikusikia). Nikajibanza nyuma yake, nachuruzika maji.

Madam akamtazama mzee pale aliposimama. "He! Nimetoka kidogo tu, Msukuma amefufuka? Na fahali wetu je?"

Mzee akaangua kicheko. Madam akamshika mkono, akamkalisha kwenye benchi polepole. Halafu akanigeukia, wala hakufoka. Afadhali angefoka.

"Mbwambo, siku ya kwanza nilimwamkia shikamoo huyu. Nikamuuliza kwao, nikamuuliza hali ya ng'ombe wake mpaka akaanza kunitajia mmoja mmoja. Ndipo tukajuana kwamba ni watani. Siku hiyo hukuniona?"

"Sikukuona, Madam. Nilikuwa nanyoosha sare."

Jamani, nilitamani lile beseni linimeze. Pamoja na kumpenda kote mwalimu yule, kumbe nilikuwa nimeiga kiuno chake tu.

Mtahini akaja taratibu. Nikajua nimekwisha.

"Mgonjwa ametembea mpaka mlangoni," akasema. "Hilo nimeliona, nakupa alama zake."

Nikataka kurukaruka!

"Ila namna ya kuongea na mgonjwa, utarudia kesho asubuhi. Kwa mgonjwa huyuhuyu."

Mzee Jilala akaitikia kwa kichwa, gongo mapajani. Ndipo mtahini akaniinamia, na kwa mara ya kwanza leo nikayaona meno yake.

"Mimi Mchaga wa Machame," akasema. "We Mpare, bado hujafukuzwa chuo tu?"

Aliyecheka kuliko wote ni Mzee Jilala. Kacheka mpaka kaomba dawa zake mwenyewe.

Kwa hiyo ndugu zangu, ruhusa ya kunicheka hapa ni ya watani zangu Wachaga peke yao. Nyie wengine hatujatambulishana: mniulize kwanza hali ya ng'ombe.