Punje ya Hindi Mtendeni, Nyota Igunga

Jumatano, 4 Juni 2025
Siku ya kumi na mbili ya ndoa. Mke wangu! Kila nikiliandika neno hilo kalamu inateleza. Asubuhi Bertila alikuwa akisuka nywele dirishani, nami nikaunguza maandazi kwa kumtazama tu.
Kisha simu. Nafasi ya uuguzi aliyoiomba mwaka jana imetoka. Igunga! Anaripoti Jumatatu. Yeye anaruka kwa furaha, mimi natabasamu kama mgonjwa wa meno. Sitamkataza, mimi si mume wa namna hiyo. Atabaki kwa hiari yake, baada ya kuona hesabu.

Alhamisi, 5 Juni
Nimegeuza kilomita mia moja na tisini za safari ya Igunga kuwa milimita. Milioni mia moja na tisini! Nimeziandika kwenye boksi la vitenge vya dukani kwangu, nikaliweka karibu na chai yake. Amesoma, amecheka hadi chai ikampalia. Amesema kwa kipimo hicho hata sokoni ni milimita laki nane, na bado nikitumwa nyanya naenda. Kisha akanibusu kwenye paji la uso. Nikasahau nilikuwa nabishania nini.
Mchana nimekwenda kwa shangazi yake, Bi Zuena. Nimemwamkia, nikamwomba azungumze na Bertila. Ameniuliza kama najua kwamba babu yake yeye Bi Zuena alibeba pembe za ndovu begani kutoka hapa Tabora hadi pwani, miezi mitatu kwenda tu, na mkewe akabaki analima. "Na wewe unalilia basi la asubuhi! Mnyamwezi gani wewe?"
Nimetoka pale mdogo kama sindano. Lakini njiani nimemfikiria yule mke wa babu. Alipimaje? Hakuwa na kilomita. Labda alitazama mtama: umechipua, mume yuko porini, umechanua, yuko pwani, umevunwa, hajarudi.

Ijumaa, 6 Juni
Nimeazima kitabu cha anga kwa Adinani, jirani yetu fundi simu. Tulisoma darasa moja. Yeye alifaulu hesabu, na tangu hapo hajaacha kufaulu. Sikumwambia sababu.
Mpango ni mzuri mno! Nitamwonyesha Bertila kwamba hata nyota hukaa karibu na wenzao. Kila kilomita milioni mbili nimezifanya sentimita moja. Jua likawa punje ya hindi! Dunia chembe ya unga, sentimita sabini na tano pembeni. Nyota iliyo jirani kabisa na Jua letu iko kama kilomita trilioni arobaini. Nimegawanya, nimehamisha nukta, nimefuta, nimekata sifuri. Jibu: mia mbili. Mita mia mbili! Kutoka mlangoni kwetu hadi kibanda cha Adinani. Nyota haziachani zaidi ya hapo, kwa nini sisi?

Jumamosi, 7 Juni
Punje kizingitini kwetu Mtendeni. Chembe ya unga kando yake. Nimemshika mkono Bertila (mkono ule!), tukahesabu hatua mia mbili hadi kibandani. Nimeweka punje ya pili juu ya meza ya Adinani, nikaanza hotuba.
Adinani, macho kwenye simu aliyoifungua, akauliza, "Mia mbili nini, bwana harusi?"
Nikasema mita. Akavuta karatasi. Sentimita milioni ishirini ni mita laki mbili. Mita laki mbili ni kilomita mia mbili. Na mimi ndiye ninayepima vitambaa kwa mita kila siku!
"Nyota yako iko Igunga," akasema, "imepita stendi kidogo. Shemeji, pole."
Wateja wake wamecheka. Bertila hakucheka. Aliichukua ile punje, akatazama upande wa barabara ya Nzega, iendayo Igunga. Akaniuliza kama kati ya hapa na Igunga hakuna jua jingine, hata moja. Nikasema hakuna, ni patupu njia nzima. Akasema, na bado mwanga unafika.
Tumerudi polepole. Ameniambia kazi hii aliitaka kabla hajanijua. Atakuja kila mwisho wa mwezi. Kisha akauliza kwa nini nimempa milimita na trilioni, siku tatu nzima, badala ya kumwambia kwamba naogopa kubaki peke yangu. Nimemwambia naogopa. Amenikumbatia palepale njiani, watu wakipita! Jumatatu anaondoka.

Jumatatu, 9 Juni
Basi limeondoka saa kumi na mbili. Saa tano amepiga simu: amefika, amevaa sare, wenzake wakarimu. Sauti yake imejaa raha. Nimefurahi, kweli. Halafu nimekaa kitandani. Kitanda hiki kilikuwa na upana huu siku zote?
Bertila yuko sahihi. Mtu aseme wazi anachotaka. Kwa hiyo namwandikia wazi mkuu wake wa kazi amrudishe Tabora, na nimeambatanisha hesabu. Ukilinganisha na umbali wa galaksi ya jirani, Tabora na Igunga ni sehemu moja kabisa, hata uhamisho hauhitajiki, ni kusogeza kiti tu. Galaksi hiyo iko kilomita ishirini na nne, ikifuatwa na sifuri kumi na nane. Au kumi na tano. Nimeandika sifuri ishirini, zisije zikapungua.